Nani Anayasogeza Madumu ya Chamgoi

Kwa Wasukuma, anayezaliwa nyuma ya mapacha huitwa Shija. Mtu wa namna hiyo anakuja duniani akakuta wawili wameshatangulia, wameshanyonya, wameshabebwa, na yeye anapewa kilichobaki. Ndiyo maana Shija Ndaki, mtu wa Maswa aliyelowea Pwani, tangu utotoni alinyonya akiwa na jicho moja kwenye titi na la pili mlangoni. Usimcheke. Wewe mwenyewe ukishafunga mlango wako hurudi ukavuta kitasa, na hukuzaliwa nyuma ya mtu.

Alifika huku miaka ishirini na mbili iliyopita, akiswaga ng'ombe sitini mpaka kwenye mabonde ya Ruvu. Ng'ombe waliisha kwa ukame, kwa ugonjwa wa ndigana na kwa kesi za mashamba ya watu. Akabaki na fimbo, mke wake Asteria, na kiwanja Pangani. Ni Pangani ya Kibaha, si ile ya Tanga. Ndugu zake wa Maswa hawajaelewa hadi leo, kila wakipiga simu wanaagiza dagaa.

Kingine kilichombakia ni macho. Mwonyeshe alama ya kwato moja kwenye tope, atakwambia ng'ombe alikuwa anakwenda kunywa au anafukuzwa, na mchungaji wake alikuwa macho au kalala. Watu walimjaribu siku moja kwa alama ya kandambili. Akainama, akainuka, akamtaja mwenye kandambili, nyumba aliyotoka, na kwamba hakuwa na sababu ya kutoka nyumba ile asubuhi ile. Ndoa moja ilitikisika. Hakujaribiwa tena.

Macho hayo ndiyo yaliyompa kazi kwenye Bwawa la Chamgoi.

Kama hujafika Chamgoi basi hujafika Kisarawe, hata kama una picha. Bwawa lilichimbwa zamani kwa ajili ya bustani za mchicha na bamia zilizo chini ya tuta. Watu wa Dar wakaligundua, na mtu wa Dar akigundua kitu humwambia mwenzake kabla hajakauka maji. Ikawa kila Jumamosi na Jumapili yanateremka makabila matatu. La kwanza ni la kelele: vijana wenye spika kubwa kama kabati, wanaokodi boti ya injini ya mtu mmoja, Kitwana, na kuzunguka nayo mpaka wachoke. La pili ni la kimya: wazee wa ndoano, ambao kiongozi wao ni Mwalimu Silas, mstaafu wa Mkuza, anayekuja na kiti cha kukunja na mwavuli, na anayesikia kizibo cha soda kikifunguliwa ng'ambo ya bwawa. La tatu ni la wokovu: makanisa yanayoleta watu kubatizwa.

Makabila hayo hayapatani. Kuna Jumapili mchungaji alimzamisha muumini kwa jina la Baba, na spika ya upande wa pili ikawa inaimba habari za kiuno. Muumini aliibuka anatikisa kichwa kwa kufuata ngoma. Waumini wakawavamia vijana, vijana wakawamwagia waumini maji, na Mwalimu Silas, aliyetaka tu samaki wake wasishtuke, akavunja mwavuli kwenye mgongo wa shemasi. Wiki iliyofuata Kamati ya Bwawa, iliyo chini ya Bi Hajra binti Jumbe, ikamwajiri Shija awe msimamizi wa wageni.

Wasomi walitarajia aandike mabango. Shija hakuandika hata moja, na hilo halina uhusiano wowote na elimu yake ya darasa la nne. Alifanya wanavyofanya kwao Maswa kiangazi, lambo likibaki moja na makundi yakiwa kumi. Pale hamuulizani maji ni ya nani. Mnapeana zamu, na kundi likishakunywa halirudi kwa njia liliyojia, linatoka kwa njia nyingine, ili pembe zisikutane na pembe. Basi asubuhi zikawa za ubatizo na ndoano. Boti na spika kuanzia saa sita. Wa wokovu wanatokea kwenye mikorosho, wa kelele wanaingilia kwenye tuta. Mwezi mzima haukuvunjika mwavuli. Alitembea kwenye tuta lile na fimbo yake begani kama mwenye bwawa.

Sehemu moja tu haikuwa na zamu ya mtu. Upande wa kaskazini maji yameingia kwenye matete kama mkono, watu wa huku wanapaita Hori. Humo wanataga vibisi.

Kibisi ni ndege mdogo, wa kahawia, mnene, asiye na mkia wa kujivunia. Ukimwangalia mara moja unadhani ni kifuu kinaelea, ukitazama tena hayupo, amezama, ataibuka pale usipotazama. Kiota chake hakiko mtini, ni rundo la majani linaloelea lililofungwa kwenye matete, na wimbi la boti likilifikia linapinduka kama sahani. Shija alimpenda kwa sababu yake mwenyewe. Kila kibisi akiondoka kiotani hufunika mayai kwa majani mabichi, ili apitaye asijue kuna kitu. Hata akienda hatua mbili. Hata kama hakuna mtu.

"Huyu hamwamini yeyote," Shija alimwambia Asteria. "Ana akili."

"Ana akili kama nani?" Asteria aliuliza, na hakungoja jibu.

Wasomi walikuja na darubini, wakasema maneno marefu kuhusu thamani ya mazingira na ustahimilivu wa nini sijui. Shija alichukua mawili tu: wimbi na kiota. Mwishoni mwa masika alitega mstari wa madumu kumi na mawili ya njano, yale ya mafuta ya kula, kwenye mdomo wa Hori. Alikata kamba mwenyewe, akafunga mawe mwenyewe pale ukingoni, kisha Kitwana akayapeleka kwa boti na kuyatumbukiza alipoonyeshwa, maana Shija hajui kuogelea na hapandi kitu kinachotikisika. Kamati ikatoa sheria: nje ya madumu pita utakavyo, ndani hapana. Atakayeyagusa madumu, kibali chake cha bwawa kimekufa, na hakifufuki.

Sasa Kitwana. Huyu alikuwa mchoma mkaa. Miaka kumi aliingia msituni na shoka, akatoka mweusi kama sufuria ya shughuli, akiwakimbia askari wa misitu mpaka akajua kwa majina mbwa wote wa vijiji vya njiani. Boti ndiyo iliyomtoa huko. Aliiunda mwenyewe miezi saba nyuma ya nyumba yake, mke wake Mwamini akimshikia mbao. Bila kibali cha Chamgoi, boti ile ni hori la kulishia mbuzi, na Kitwana anarudi msituni. Hilo kila mtu alilijua, na Shija alilijua zaidi ya wote.

Na Kitwana ni Mzaramo, Shija ni Msukuma, kwa hiyo ni watani. Asiyejua utani aelezwe kidogo. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akachukua kofia yako akaondoka nayo, akaja kwenye msiba wako akalala kwenye jeneza akisema marehemu asogee, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kitwana hakuwahi kumwamkia Shija kwa adabu hata siku moja.

"Mtumwa wangu umeamkaje?" ndiyo ilikuwa salamu. "Leo umekula ugali debe ngapi?"

"Nimekula sahani ya babu yako," Shija hujibu. "Ngoma zenu zimeisha au bado mnacheza shamba likiota nyasi?"

Hapo siku inakuwa imeanza vizuri.

Mwezi wa saba ulipoingia, madumu yakaanza kutembea.

Shija alikuwa na alama yake, kisiki cha mkorosho kwenye ukingo. Ukisimama kwenye kisiki, dumu la kwanza lilikuwa likikaa sawasawa na mti mkavu wa ng'ambo. Jumatatu moja halikukaa sawa. Lilikuwa limeingia ndani, kuelekea matete, kama hatua mbili. Jumatano hatua nne. Ijumaa yote kumi na mawili yamejipanga vizuri, kwa adabu zote, ila mstari mzima umeingia Hori na sehemu ya vibisi imepungua.

Ng'ombe akisogea peke yake hasogei na wenzake kumi na moja kwa mpangilio. Kuna mtu.

Akaanza kazi aliyozaliwa nayo. Alichunguza ukingo wote wa Hori akitafuta nyayo, akakuta za kenge mmoja na zake mwenyewe, ambazo alizitilia shaka kwa muda. Akanusa maji kama yana petroli. Alihesabu wenye faida. Wa wokovu? Mchungaji aliwahi kusema maji ya Hori yametulia kama Yordani, na mtu anayesema hivyo ana mpango. Mwalimu Silas? Samaki wakubwa wako kwenye matete, na mwalimu huyo alikuwa akiyatazama yale matete kama mtu anayetazama nyumba ya mkewe wa zamani. Wa bustani? Hawaji juu, wao wanafungua tu lango la maji chini ya tuta jua likiwa kali, kama kila mwaka. Kitwana? Kitwana ana boti. Mwenye boti pekee ndiye anayeweza kuyafikia madumu bila kulowa.

Shija alikaa kwenye kisiki siku tatu mfululizo, kuanzia mapambazuko hadi jua linapozama, akijifanya anachonga fimbo. Fimbo ikaisha ikawa kijiti cha meno. Hakumwona mtu. Na jambo hilo ndilo lililomthibitishia kwamba mtu huyo ni hodari.

Jumamosi Kitwana alipita na vijana wanane kwenye boti, spika katikati. Alipita nje ya madumu, kwa haki kabisa, dumu la mwisho likiwa mkono wake wa kushoto. Lakini madumu yenyewe yalikuwa yameshasogea, na wimbi likaingia kwenye matete. Shija aliona majani yakiinuka, yakashuka. Kibisi mmoja alizama. Alipoibuka alikuwa anazunguka mahali pamoja, anazunguka, bila kufunika kitu.

Mwalimu Silas ndiye aliyeingia majini na suruali yake akatoka na rundo la majani lililopinduka. Hakukuwa na yai. Alilibeba hadi kwenye kibanda anacholala Shija pale bwawani siku za kazi, maji yakimchuruzika.

"Mimi sisemi mtu," alisema. "Mimi ni mwalimu, nasema nilichosikia. Alhamisi asubuhi, kabla sijatupa ndoano, nilisikia injini huku Hori."

"Injini au pampu ya bustani?"

"Mwanafunzi wangu angeuliza swali hilo ningempa sifuri."

Shija akamtazama. Mtu mwenye ushahidi tayari kabla hajaulizwa, huyo naye aandikwe. Lakini injini ni injini. Na jioni ile Mwalimu akarusha picha ya kiota kwenye kundi la wasapu la bwawa, na kabla ya magharibi makabila yote matatu yalikuwa yanatukanana humo, wa wokovu wakinukuu maandiko, wa kelele wakituma vikaragosi, na Bi Hajra akaandika sentensi moja: kikao Ijumaa, msimamizi aje na jina.

Jina. Shija aliondoka kwenda kulitafuta gatini, palipofungwa boti. Kitwana alikuwa anafuta injini kwa kitambaa.

"Mtani," Shija akasema, "nani anasogeza madumu?"

Kitwana hakugeuka. "Mimi."

"Nauliza kweli."

"Na mimi najibu kweli. Kila alfajiri wewe ukikoroma naja nayavuta dumu moja moja. Nataka nilipeleke bwawa taratibu mpaka kwenu Maswa, mkaoge. Miaka ishirini na mbili unanuka ng'ombe."

Shija alitakiwa acheke hapo. Mpangilio wenyewe ulikuwa unangoja aseme habari za babu wa Kitwana. Hakusema. Alikuwa anatazama mikono ya mwenzake, jinsi kitambaa kilivyokuwa kinazunguka pale pale palipokwisha kung'aa. Mwizi mwerevu hafichi, anasema kwa mzaha, ukimshika anakwambia si nilikwambia.

Siku iliyofuata alirudi Pangani kubadilisha nguo. Asteria alikuwa anachambua choroko kwenye ungo uani, akasikiliza habari yote bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo Ijumaa utasema Kitwana amekiri," akasema.

"Amekiri kwa mdomo wake."

"Shija. Mwaka jana alikwambia amekuuza wewe kwa Mwarabu akapata mbuzi. Ulikwenda polisi?"

"Ile ilikuwa utani."

"Na hii umejuaje siyo?"

"Wewe unamtetea kwa nini?"

Asteria akaacha choroko. Alimtazama mumewe, kisha akarudia kuchambua, na kila kokoto aliyoitupa ilianguka karibu na mguu wa Shija kuliko iliyotangulia. "Utani haupelekwi kwenye kamati," alisema mwisho. "Sihitaji kuzaliwa Uzaramo kulijua hilo. Jina utakalolitaja likiwa si la kweli, yule baba anarudi kwenye mkaa. Nenda ukalale."

Hakulala. Alihesabu tena wenye faida, na kwa mara ya kwanza akamweka Asteria kwenye orodha, kwa sababu ya choroko za Mwamini alizoletewa mwezi uliopita.

Ijumaa baada ya swala watu walikaa kwenye mabenchi chini ya banda la bati, gatini. Bi Hajra ni mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, anayeongea pole pole kiasi kwamba watu humaliza kubishana kabla yeye hajafika kwenye kitenzi. Alimpa Shija nafasi.

Shija akasimama, akasema kama alivyosikia. Nilimuuliza, akasema ni mimi. Nikamwambia nauliza kweli, akasema najibu kweli. Kila alfajiri anavuta dumu moja moja.

Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja wa bustani alicheka mpaka akashika goti la jirani, akidhani ni mwanzo wa jambo, kwamba sasa Kitwana atainuka atukane ukoo mzima wa Ndaki, na Shija atajibu, na mwisho kuku atachinjwa. Kicheko kikaenda, kikazunguka, kikakuta Shija hajacheka. Kikafa kimoja kimoja, kama taa za mtaa.

"Mwanangu," Bi Hajra akasema, "unatuletea maneno ya mtani wako kama ushahidi?"

"Bi mkubwa, nimeambiwa nije na jina."

"Kitwana. Una la kusema?"

Kitwana alikuwa anatazama meza. Mtu ambaye hajawahi kukosa tusi tangu aote meno, sasa alikuwa kimya. Shija akaona: kimya hicho ni cha hatia. Ona shingo. Ona miguu, imeelekea nje.

"Amesema nimekiri," Kitwana akajibu. "Kama kamati inaona hivyo, kibali hiki hapa." Akakitoa mfukoni, kimekunjwa mara nne ndani ya nailoni, akakiweka mezani.

Mwalimu Silas akakohoa. Mtu wa kanisa akasema sheria ni sheria. Mwingine akasema boti ikiondoka walau kutakuwa na utulivu, na ikasikika sauti ya kukubaliana, hata kutoka kwa watu waliokuwa wakicheka dakika mbili zilizopita. Mkono wa Bi Hajra ulikuwa juu ya karatasi, haujaichukua.

"Mimi sijafika huko kwenye madumu tangu yategwe," akasema. "Sifukuzi mtu kwa kitu nisichokiona. Kitwana, boti ina mafuta?"

"Ina kasia, bi mkubwa. Injini itawashtua ndege."

"Basi twende. Na msimamizi apande."

Shija hajawahi kupanda. Alipanda. Alikaa katikati, ameshika ubao pande zote mbili, anamtazama Kitwana anavyopiga kasia, akitafuta dalili kwamba anapelekwa pasipopaswa. Kitwana alipiga kasia sawasawa. Walipofika kwenye dumu la tatu Bi Hajra alinyoosha mkono, akaishika kamba na kuanza kuivuta kuona mwisho wake.

Kamba ikaja. Ikaendelea kuja. Ilikuwa imelegea kama nguo iliyolowa, akaivuta mikono mitatu, minne, akaikunja miguuni pake, na jiwe halijaguswa.

"Hii kamba ni ndefu kwa maji haya," Bi Hajra alisema, kwa sauti ya mtu anayesema mchele una chuya. Akaendelea kutazama matete. Kitwana alikuwa ameligeuzia dumu mgongo. Hakuna aliyemtazama Shija.

Na Shija alikuwa anaitazama kamba. Kamba yake. Alikata pima tano kila moja. Mwishoni mwa masika maji ya hapa yalikuwa pima tatu, na yeye, ukingoni, na jiwe mkononi, alifunga kama alivyofunga ndama maisha yake yote. Ndama humfungi kamba iliyobana. Unamwachia ziada, azunguke, ale, asijinyonge. Hakuna aliyemfundisha kwamba dumu si ndama, halina shingo ya kujinyonga. Halafu wa bustani wakafungua lango, kama kila mwaka, maji yakashuka hadi pima moja na nusu, na kusi ikaanza kuvuma. Upepo wa kusi unakwenda wapi? Kaskazini. Kwenye Hori. Ukayasukuma madumu kumi na mawili, kila moja kwa ziada yake, sawasawa, kwa mpangilio, kwa adabu zote.

Siku tatu amekaa kwenye kisiki akimtafuta mtu. Mtu alikuwa amekaa kwenye kisiki.

Sasa hapa ndipo pagumu, na anayedhani yeye angefanya vizuri zaidi na apande boti. Hakuna mwingine aliyeelewa. Bi Hajra ameona kamba ndefu, basi. Kibali kiko mezani, jina limeshatajwa, watu wamekwisha kukubali. Akinyamaza, Jumatatu atamtuma kijana wa kuogelea azikate kamba zile kimya kimya, madumu yatakaa, na kijiji kitasema si unaona, Kitwana ameondoka na madumu yametulia. Atakuwa mlinzi hodari kuliko wote Kisarawe. Yote yalikuwa yamefunikwa vizuri kwa majani mabichi.

Kitwana akaliweka kasia magotini, anangoja aambiwe pa kwenda.

"Ni mimi," Shija akasema.

Bi Hajra akageuka.

"Bi mkubwa, hakuna mtu. Ni kamba. Nimeifunga kama ya ndama, maji yakashuka, upepo ukayapeleka." Akalishika dumu, akalisukuma na mkono. Lilikwenda likielea mpaka karibu na matete, kamba ikilifuata, likasimama pale hasa lilipokuwa likisimama kila asubuhi. "Kitwana alipita nje ya mstari. Mstari ndio uliokuwa ndani. Kiota kile nimekipindua mimi."

Walirudi gatini. Bi Hajra aliingia bandani, akakichukua kibali, akamrudishia mwenyewe mkononi, akawaeleza watu sentensi tatu zilizochukua robo saa. Sheria ya madumu ilikuwa inasema atakayeyagusa anaondoka. Mtu wa kanisa akakumbusha hilo, akimtazama Shija. Mwalimu Silas, anayependa haki ikiwa haimgusi, akasema kwamba sheria haikutaja kuyagusa kwa ujinga. Bi Hajra akaamua: Shija abaki, kamba zikatwe, na kila jioni mpaka vifaranga watoke zipimwe moja moja na kufupishwa kadiri maji yanavyoshuka. Kitwana atapiga kasia, Shija atapima.

"Mimi na yeye?" Shija akauliza.

"Una mwingine mwenye boti?"

Jioni ile ile wakaanza. Shija alipofika, fimbo begani, Kitwana alikuwa ameshakaa kwenye boti. Aliinuka nusu, kama mtu anavyoinuka mbele ya mgeni wa heshima.

"Shikamoo, mzee Shija," akasema.

Shija akasimama ukingoni. Alingoja kidogo, labda kuna kitu kinafuata, mtumwa, ugali, Mwarabu. Hakikufuata kitu. Ilikuwa shikamoo yenyewe, nzima, imekaa pale kama sahani tupu.

"Marahaba," alijibu, kwa kuwa hakuna jibu lingine.

Wiki nzima ikawa hivyo. Karibu upande, mzee. Shika hapa, mzee, usiteleze. Kitwana alikuwa mpole kama karani wa hospitali ya kulipia. Alimsogezea maji ya kunywa. Alimuuliza mama wa nyumbani hajambo. Shija alirudi kibandani kila siku amechoka kama aliyepigwa, akajaribu kutafuta ndani ya ile adabu tusi lilikofichwa, na hakuliona. Vibisi waliobaki walitotoa. Vifaranga wanne wenye mistari wakawa wanapanda mgongoni kwa mama yao na kuzama naye, na wasomi wakaja na darubini wakapiga makofi kimya kimya. Shija hakufurahi alivyotegemea.

Siku ya tisa alimkuta Kitwana amefungua bakuli la chakula cha jioni juu ya ubao wa boti: mihogo ya nazi na kipande cha samaki, kazi ya Mwamini. Kitwana alikuwa ameshuka kufungua kamba ya boti. Shija akapanda, safari hii bila kushika popote, akaketi, akalivuta bakuli, akaanza kula. Hakula kwa kuonja. Alikula kama alivyosingiziwa miaka yote, tonge juu ya tonge, mchuzi ukimshuka kidevuni, na samaki akamaliza na mifupa.

Kitwana alipogeuka, akasimama na kamba mkononi. Akalitazama bakuli. Akamtazama Shija. Alikaa hivyo kwa muda ambao kibisi angezama na kuibuka mara mbili.

"Mijitu ya bara," akasema pole pole. "Hata ng'ombe huombwa kabla hajala cha mtu."

Akasukuma boti, akaruka ndani, akachukua kasia. Shija alifuta kidevu. Alikuwa anautazama uso wa mwenzake kwa pembeni, mdomo, jicho, shingo, akiutafuta ukweli wa lile neno, kama ni tusi la mtani au ni tusi.